Maombi ya Fedha za Vijana Wayaandike Vijana Wenyewe

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu ujao tutaletewa shauri la kumkodi mtu wa mjini atuandikie maombi ya msaada kwa ajili ya vikundi vya vijana wa shehia zetu. Nasikia mtu huyo hataki mshahara, ila ataka fungu la kumi la fedha zitakazopatikana. Wengi wetu wameliona jambo hili kuwa jepesi, kwa kuwa fedha zisipopatikana hatutoi kitu. Mimi naliona ni ghali, na kwa idhini yenu nitaeleza kwa nini.

Yafaa kwanza nikiri kosa langu, ili asitokee mtu akasema kuwa nasema nisiyoyajua. Mwaka 2019 vijana wa shehia yangu walipata msaada mdogo wa kuotesha miche ya mikarafuu. Mimi, kwa kuwa ni mtu mzima na nina nyumba ya mawe, nikawekwa mshika fedha. Sikuiba hata senti moja. Lakini msimu ulipoingia na wachumaji wakataka malipo yao kila jioni, nilichukua katika fedha za vijana, nikalipa, na karafuu zangu zilipouzwa nikarudisha zote. Mkaguzi alipokuja alizikuta fedha zimetimia, wala hakukuta stakabadhi hata moja ya viriba, mbolea wala maji. Fungu la pili la msaada halikuja. Miche mingi ilikauka kitaluni kiangazi kile, na vijana wawili waliokuwa hodari kuliko wote wakaondoka kwenda kutafuta kazi mjini. Hawajarudi mpaka leo. Hasara hiyo haikutokana na maombi kuandikwa vibaya, maana maombi yalikwisha kubaliwa. Ilitokana na daftari ambalo halikuwapo.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo. Mkwe wangu anasomesha katika kata ya Nangwa, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara huko Bara. Watu wa nchi hiyo hawaoni bahari wala hawajui mkarafuu. Kazi yao ni mahindi, maharage na ng'ombe. Aliniandikia kuwa kikundi kimoja cha vijana wa huko kiliwahi kufanya hivi hivi tunavyotaka kufanya sisi. Walimtafuta mwandishi, naye akawaandikia kurasa nyingi zenye maneno makubwa makubwa. Wajumbe wa mfadhili walipofika kuwatazama, waliuliza swali moja tu: "Fedha hizi mtaanza kuzitumia kwa jambo gani?" Vijana wakatazamana. Hapana hata mmoja aliyekuwa amesoma karatasi zile, na jibu lilikuwa ndani yake. Wajumbe wakaaga kwa adabu, na habari ikaishia hapo.

Mwaka wa pili yake walianza upande mwingine. Walinunua daftari la skuli, wakatoa mchango wao wenyewe kila wiki, wakaandika kila kilichoingia na kila kilichotoka, pamoja na jina la aliyetoa. Baada ya miezi minane wakaomba tena, safari hii kwa kurasa tatu walizoziandika wenyewe. Hawakupata zote walizoomba, walipata chini ya nusu. Lakini walizipata, na kila mmoja wao aweza kueleza zimekwenda wapi. Mkwe wangu alinipelekea kwa simu picha ya ukurasa mmoja wa daftari lile. Hati ni mbaya na mistari imepinda, lakini jumla ya chini yalingana na hesabu ya juu. Nilipoutazama niliona haya.

Labda mtu atasema kuwa watu wa Hanang wanahurumiwa kwa msiba uliowapata. Ni kweli kuwa tarehe 3 Desemba, 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Misaada ikapelekwa kutoka kila upande, na ilikuwa haki yao. Lakini msaada wa msiba hutolewa kwa sababu mtu ameumia, na fedha za kazi hutolewa kwa sababu mtu ameaminiwa. Sisi tunaomba fedha za kazi, kwa hivyo tusidhani kuwa kusimulia umasikini wa vijana wetu kutatosha.

Tena tusichanganye milango. Upo mlango wa ruzuku, ambao fedha zake hazirudishwi, lakini hutolewa hesabu mpaka senti ya mwisho. Kwa mfano, Foundation for Civil Society yenye makao Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za Bara na za Visiwani. Upo na mlango wa mkopo. Huko Bara, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 imeilazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwetu Zanzibar yupo Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ambaye hushughulikia mikopo ya vikundi. Kijana anayedhani mkopo ni sadaka atajiaibisha mwenyewe na kuwafungia njia wenziwe. Mikopo ile ya halmashauri ilisimamishwa mwezi wa Aprili 2023, baada ya wakaguzi wa Serikali kuonyesha kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na kuwa vikundi vingine vilikuwa ni majina tu. Haikuanza tena mpaka mwaka 2024. Waliokuwa waaminifu walingoja pamoja na wadanganyifu.

Nirudi kwa mwandishi wetu wa fungu la kumi. Mtu anayelipwa kwa ukubwa wa fedha ataomba nyingi iwezekanavyo, hata kama vijana wanahitaji kidogo. Wala yeye hatakuwapo siku ya ukaguzi. Isitoshe, fungu lake litatoka wapi? Fedha zilizotolewa kwa viriba na mapipa ya maji haziwezi kumlipa mwandishi bila ya mtu kuandika uwongo katika hesabu, na mtu huyo atakuwa kijana wetu. Tutamfundisha uwongo kabla hatujamfundisha kazi.

Sisi wakulima twajua sana jambo hili. Gunia la karafuu hupelekwa kituoni, na mpimaji hatazami uzuri wa gunia. Hutia mkono mpaka ndani kabisa, akatazama kama zimekauka, kama zimechanganywa na makonyo, kama zililundikwa mbichi zikaharibika. Na mwenye kutoa ruzuku ndivyo afanyavyo. Atauliza katiba ya kikundi, usajili wake, majina ya wanachama, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu ya mwaka uliopita. Atauliza kila kitu kitanunuliwa kwa bei gani, na bei hiyo imeulizwa duka gani. Mambo haya hayaandikwi kwa usiku mmoja.

Najua lipo neno la haki upande wa pili. Wafadhili wengine hutaka maombi kwa Kiingereza, na vijana wetu wengi hawakifahamu vizuri. Basi tumwombe mwalimu mmoja afasiri, lakini afasiri yale waliyoyasema vijana wenyewe, kisha awasomee tena kwa Kiswahili kabla ya kutia saini. Kumfasiria mtu maneno yake si sawa na kumtilia maneno mdomoni.

Kwa hivyo naomba mkutano ulikatae shauri lililoletwa, na badala yake tukubaliane mambo matatu. La kwanza, Chama kiwape vijana chumba kimoja cha ghala ambacho hakitumiki baada ya msimu, kiwe ofisi yao. La pili, mwanachama mmoja anayejua hesabu akae nao mara moja kila mwezi, asome daftari na kuuliza maswali, wala asishike fedha. La tatu, kila mwanachama achange kidogo awezavyo, ili vijana wawe na hesabu ya kwanza ya kuonyesha.

Yatachukua mwaka mzima, pengine zaidi. Mtu aliyepanda mche wa mkarafuu akangoja miaka sita au saba kuona ua lake la kwanza hawezi kusema kuwa mwaka mmoja ni mrefu.

Mimi nimekwisha nunua daftari la kwanza. Nitakuja nalo mkutanoni, nami nitalikabidhi kwa kijana, si kwa mtu mzima mwenzangu.

Mwanachama mwenzenu,
Mkulima wa Miche