Eti kutembea kunakula misuli? Mwacheni mama mdogo wangu atembee!

Najua nimekuwa kimya, na najua mmezoea kwamba nikirudi nakuja na foleni ya malori, bei ya mahindi au kwacha ilivyopanda na kushuka. Leo naomba mniruhusu nichokonoe jambo jingine. Nina hasira nalo wiki ya tatu sasa, na mhariri wangu gazetini ameshaniambia hiyo si habari. Sawa. Hapa mhariri ni mimi mwenyewe.

Basi bwana, nina mama mdogo anaishi hapa Tunduma, Sogea. Amepita miaka hamsini, anauza vitenge, na ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia apunguze uzito na atembee kila siku. Mama mdogo ni mtu wa kutii wakubwa na wataalamu. Akanunua raba za mtumba, akawa kila alfajiri anafunga kanga kiunoni anatoka kwenda kufuata barabara kuu upande wa Mpemba, kando ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Akiona imetosha anageuza. Madereva na matandiboi wao wanaolala kwenye foleni walishamzoea, wanamwita "mama mazoezi". Miezi saba hivyo. Nguo zikaanza kumpwaya, na kipimo cha sukari asubuhi kabla ya kula kikawa kinacheza kwenye saba na kitu.

Halafu ikafunguliwa jimu karibu na kwake. Simtaji mwenye jimu wala mwalimu wake, maana ugomvi wangu si na mtu mmoja. Maneno aliyomwambia mama mdogo nimeshayasikia Vwawa, nimeyasikia Mbeya mjini, na nilipokuwa chuo Dar nilikuwa nayasema mimi mwenyewe kwa mbwembwe. Alimwambia: "Mama, unajichosha bure. Kutembea na kukimbia ni kardio, na kardio inakula misuli. Mafuta yanayeyushwa na chuma." Shilingi elfu mbili kwa siku.

Mama mdogo akaacha kutembea. Akaanza kwenda jimu mara tatu kwa wiki. Na kwa kuwa alishaambiwa kutembea hakuna maana, alikuwa anakwenda kwa bodaboda! Jamani. Mtu anapanda bodaboda kwenda kufanya mazoezi, anashuka, ananyanyua chuma robo saa na kupumzika nusu saa, anapanda bodaboda kurudi. Mwezi wa pili biashara ikayumba, elfu mbili ya jimu na nauli vikawa mzigo, akaacha na jimu. Kutembea hakurudi, maana alishaaminishwa ni kazi bure. Nilipokwenda kumwona, kipimo kilikuwa kinasoma kumi na mbili. Nitakuwa mkweli, hapo katikati zilipita sikukuu, na pilau halikosi lawama. Lakini nilipomuuliza kwa nini hatembei akanijibu, "Mwanangu, si inakula misuli?" Nikakosa la kusema.

Sasa nimepata la kusema.

Kwanza hiyo "inakula misuli". Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ambao uliuliza swali hili hili tunalogombania vijiweni. Walichukuliwa watu wazima wanene wasiofanya mazoezi, wakagawanywa makundi matatu kwa miezi minane. Kundi moja lilifanya mazoezi ya pumzi, sawa na kama kilometa 19 kwa wiki. La pili lilinyanyua vyuma siku tatu kwa wiki. La tatu lilifanya yote mawili. Hawakuambiwa wabadilishe chakula.

Kundi la pumzi lilipoteza mafuta kama kilo 1.7. Kundi la vyuma lilipoteza kama robo kilo tu, kiasi kidogo ambacho hata watafiti wenyewe hawawezi kuapa kwamba si bahati. Na misuli iliyoliwa je? Waliokimbia walipungukiwa gramu 100 hivi, kwa miezi minane. Yaani karibu sifuri. Huyo mlaji wa misuli mbona ana njaa ndogo hivyo? Waliobeba vyuma, kweli, waliongeza misuli kama kilo moja, na hilo ni jambo jema nitalirudia. Lakini swali la mama mdogo lilikuwa mafuta.

Hapo wazee wa chuma huwa na jibu lao: misuli ikiongezeka, inaunguza mafuta hata ukiwa umelala. Hili ndilo lililonipendeza kuliko yote nilipokuwa chuo. Yaani unalala na unakonda! Ni kweli misuli inatumia nguvu hata ukiwa umelala. Tatizo ni kiasi. Kilo moja ya misuli ikiwa imetulia hutumia takriban kalori 13 kwa siku. Kumi na tatu! Hiyo ni ncha ya andazi. Na kilo moja ya mafuta mwilini imebeba kama kalori 7,700. Gawanya mwenyewe uone hiyo kilo ya misuli, uliyoitafuta kwa jasho miezi minane, itachukua muda gani kumaliza kilo moja ya kitambi ukiwa kitandani. Mimi nimepata mwaka mmja na nusu na ushee, na hapo usile hata tonge la ziada.

Jibu lao la pili ni picha. Wanakuonyesha mkimbiaji wa marathoni alivyo mwembamba, halafu mkimbiaji wa mita 100 alivyojazia, wanakuuliza unataka kufanana na nani. Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, sisi wengine tulikuwa tunalia kwa furaha, kuna jamaa pembeni yangu anasema, "Unaona sasa, kardio hiyo, hana kifua." Ndugu yangu, huyo ni bingwa wa dunia! Na ni mtu aliyekimbia maisha yake yote, kwa mwili uliofaa kazi hiyo tangu mwanzo. Mama mdogo anayetembea kilometa nne na kanga kiunoni hawezi kugeuka Simbu kwa bahati mbaya, kama ambavyo hawezi kugeuka baunsa kwa kunyanyua kopo la rangi lililojazwa zege.

Nikitaja makopo ya zege, nisieleweke kwamba nadharau vyuma. Hapa Tunduma tuna jimu za uani ambazo mzungu angelipa kiingilio kuziona: bomba la maji lenye makopo ya zege huku na huku, na diski za breki za malori. Vijana wa hapo nawaheshimu. Chuma kina kazi yake kubwa. Ukipunguza chakula ili ukonde, mwili hautoi mafuta peke yake, unatoa na misuli, na kunyanyua vitu vizito ndiko kunakoilinda hiyo misuli. Mtu akizeeka misuli inapungua, na asiyeilinda ipo siku atashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Tena kwa mgonjwa wa sukari misuli ndiyo ghala kubwa la kuweka sukari iliyotoka kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani ya pumzi kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Vyote. Mwalimu angemwambia mama mdogo "endelea kutembea, na njoo kwangu mara mbili kwa wiki", leo ningekuwa naandika kumsifu, na jina lake ningelitaja kwa herufi kubwa. Lakini angepata elfu nne badala ya elfu sita, si ndiyo?

Sasa na nyie wa upande wa pili msicheke sana.

Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, ilitangazwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Jambo zuri kabisa. Vikundi vya mchakamchaka vikaota kila mahali, na fulana za rangi moja. Nimeviandikia habari na nimekimbia navyo. Nimeona watu wamejifunga nailoni tumboni wakiamini jasho ni mafuta yanatoka. Jasho ni maji, ukinywa maji yamerudi! Nimesikia dada mmoja anaambiwa asiguse chuma atakuwa dume. Na nimeona kinachofuata baada ya kilometa tano: supu ya ng'ombe, chapati tatu, na soda mbili za kujipongeza.

Tupige hesabu tena, mnisamehe, nilisoma sanaa lakini hii ni rahisi. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilometa moja anatumia kama kalori 70. Kilometa tano ni 350. Soda ya nusu lita peke yake ni kama kalori 200. Hapo chapati bado hazijaguswa. Kikundi kizima kinarudi nyumbani kimenenepa na picha za kurusha mtandaoni.

Na hapa ndipo ninapotaka pande zote mbili zikae chini, kwa sababu jibu zito zaidi limetoka humu humu nchini. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti waliopima nguvu ambazo Wahadzabe 30 walitumia kwa siku, kwa kuwanywesha maji maalumu na kupima mkojo wao. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilometa 11 kwa siku, wanawake kama sita. Kila mtu alitarajia watakuwa wanaunguza kalori nyingi mno kuliko Mmarekani wa ofisini. Matokeo, ukishasawazisha ukubwa wa mwili: karibu sawa! Mwili ukizoea kutembea unabana matumizi kwingineko.

Msikimbilie kusema basi mazoezi ni bure. Hayo ni maneno ya wavivu, na watafiti hawakusema hivyo. Kutembea kunashusha sukari baada ya kula, kunasaidia presha na moyo. Lakini kama unategemea mazoezi peke yake yashindane na sahani, awe ni chuma au barabara, utashindwa. Wahadzabe wamekonda na sisi tumenenepa, na tofauti kubwa iko kwenye kinachoingia mdomoni. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Nani wa jimu au wa mchakamchaka aliwahi kuwauliza wanakula nini? Kwa mama mdogo hakuuliza hata mmoja. Mimi nimeuliza: chai ina vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, kwa mgonjwa wa sukari! Na mchana chipsi, maana dukani hakuna pa kupika.

Pale mpakani tangu Oktoba 2019, marais wa nchi mbili walipofungua kituo cha pamoja cha forodha, nimepita mara nyingi kutafuta habari, na sijawahi kumwona kuli mwenye kitambi. Anabeba gunia, mara nyingine lumbesa ambalo sheria imelikataza, anatembea nalo toka asubuhi. Ukimuuliza anafanya kardio au vyuma atakuona umechanganyikiwa. Hatua chache kutoka kwake dereva wa lori amekaa kwenye kiti siku ya tatu, analetewa chipsi mayai hadi dirishani, na tumbo limeshagusa usukani. Kati ya hao wawili, sijui kwa nini tunagombania aina ya mazoezi.

Nami sijitoi. Mshahara wa mwandishi wa mkoani mnaujua, kwa hiyo semina yenye chakula cha mchana siikosi, na mkanda wangu umehamia tundu la mwisho.

Nimeshaongea na mama mdogo. Nilimwonyesha hizo gramu 100 za misuli, akacheka mpaka akashika ubavu. Ameniuliza kama anaweza kuendelea na vyuma pia, maana alikuwa ameanza kuvipenda. Nimemtafutia makopo mawili ya rangi na fundi wa jirani amenipa zege lililobaki, yanakauka uani. Chai tumekubaliana kijiko kimoja, na Jumatatu anarudi kliniki wakamwone upya kuhusu dawa zake. Kesho saa kumi na mbili kasoro tunatoka wote, yeye na kanga yake. Amesema nisipofika ananiacha.