Ukuta Haufundishi Mtoto Kusoma

Wahenga walisema ahadi ni deni. Ninaandika insha hii kuzungumzia deni ambalo shule zetu za msingi hapa Uganda zinadaiwa na watoto, nami sitamung'unya maneno.

Nilipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya serikali, kitu cha kwanza nilichokiona langoni kilikuwa maandishi. Ukuta wa ofisi ulikuwa umeandikwa dira, dhamira na malengo ya shule kwa rangi ya buluu. Uani, chini ya miembe, vilisimikwa vibao: nawa mikono, heshimu wakubwa, penda kusoma. Vyote vilikuwa kwa Kiingereza isipokuwa kimoja kipya kilichosema "Tuzungumze Kiswahili". Nilifurahi mno, maana hilo ndilo somo langu. Kisha nikatazama ratiba. Hapakuwa na hata kipindi kimoja cha Kiswahili.

Lengo la kwanza ukutani lilisema kwamba kila mtoto atajua kusoma, kuandika na kuhesabu kabla ya kuingia darasa la nne. Mimi nilipewa darasa hilo hilo la nne, lenye watoto tisini. Siku moja nilimwomba mvulana mmoja anisomee kibao kilicho karibu na dirisha. Alisimama, akakisoma kwa sauti kubwa bila kusita. Lakini maneno aliyoyatamka yalikuwa ya kibao kingine. Alikuwa amevikariri vyote kwenye gwaride la asubuhi, akachanganya kipi ni kipi. Wenzake hawakucheka, kwa sababu wengi hawakujua kwamba amekosea.

Nani amemkosea mtoto huyu? Tangu mwaka 2007 mtaala wetu unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya nyumbani pale inapowezekana, na Kiingereza kichukue nafasi katika darasa la nne. Shule inayotangaza malengo yake kwa Kiingereza inawaficha wale wale inaowaahidi, pamoja na wazazi wao wengi. Lengo hilo ameandikiwa mkaguzi.

Ukitaka kujua lengo la kweli la shule, acha ukuta, uangalie muda na walimu wanakwenda wapi. Katika shule ile vilikwenda darasa la saba. Kila Novemba watahiniwa hufanya mtihani wa taifa wa masomo manne, na matokeo yakitoka, shule hupimwa kwa idadi ya waliopata daraja la kwanza. Kwa hiyo walimu hodari walipewa darasa la saba, na yalipokaribia majaribio ya mtihani, hata mwalimu wa darasa la pili aliitwa kusimamia. Watoto wake waliachiwa kazi ya kunakili ubaoni. Samaki mkunje angali mbichi, sisi twasubiri akauke ndipo tumkunje.

Najua nitakavyojibiwa. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 1997, madarasa yamefurika, vitabu havitoshi, na mshahara wa mwalimu haumfikishi mwisho wa mwezi. Yote ni kweli, na serikali ina lawama yake. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloizuia shule kuchagua lengo moja badala ya kumi. Tufanye hesabu. Mwalimu wa watoto tisini akiwasikiliza watatu tu kila siku, mmoja mmoja, kwa siku thelathini za masomo atakuwa amewasikiliza wote. Hizo ni wiki sita. Muhula una nafasi ya kufanya hivyo mara mbili. Anachohitaji ni daftari moja, kalamu, na dakika kumi na tano ambazo mwalimu mkuu hatazichukua kwa tangazo au mkutano.

Hivyo ndivyo lengo linavyoingia katika kazi ya kila siku. Kwanza, liandikwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa: mtoto wa darasa la tatu atasoma hadithi fupi na kueleza kilichotokea. Pili, lipewe saa yake kwenye ratiba, shule nzima isome wakati mmoja, na mwalimu mkuu naye aketi na kusoma. Tatu, mkutano wa walimu uanze na daftari lile: nani bado hajasoma, na tumsaidieje wiki hii? Mambo ya sare na karo ya chakula yafuate baadaye.

Nami sijitoi. Kila usiku niliandika katika andalio la somo kwamba kufikia mwisho wa kipindi wanafunzi wataweza hili na lile. Mkufunzi aliweka sahihi, nikapata alama nzuri. Mvulana yule nilimgundua katika wiki ya tano. Wiki nne nilikuwa nikiandika malengo bila kumsikiliza hata mara moja, sawa na ukuta.

Wanafunzi wenzangu, Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tukihitimu, sisi ndio tutakaotumwa kulitekeleza. Tukikubali kupokelewa kwa kibao kipya uani, tutakuwa tumekubali lugha yetu ikaririwe bila kusomwa. Tuombe kipindi, tuombe daftari, tuanze kusikiliza watoto watatu kwa siku. Nanyi wahadhiri wetu, mkija kutukagua, msiishie kwenye maandalio yetu ya masomo. Mwiteni mtoto yeyote wa nyuma darasani, mpeni ukurasa ambao hajauona, kisha mtupe alama.