Figo Haihesabiwi Siku ya Upasuaji

Tangu Muhimbili ipandikize figo ya kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ifuatie mwaka 2018, tumezoea kutangaziwa idadi ya waliopandikizwa. Mimi nadai hesabu nyingine: figo ngapi zingali zikifanya kazi baada ya mwaka mmoja? Baada ya mitano?

Mwili hausahau kwamba figo ile ni ya mwingine. Mgonjwa humeza dawa za kupunguza kinga maisha yake yote: zikipungua, mwili huishambulia figo, zikizidi, maambukizi humvamia, na takrolimasi yenyewe huweza kuiharibu figo hiyohiyo. Ndiyo maana kiwango chake katika damu hakina budi kupimwa mara kwa mara. Sasa mweke mgonjwa huyo hapa Mkiwa, njia ya Itigi inapokutana na barabara kuu ya Singida. Nauli ya kwenda kliniki Dodoma ni yake, na alizeti shambani hazimsubiri. Akikatiza dawa, aweza kuipoteza figo aliyopewa na nduguye, nayo idadi yetu ya upasuaji isipungue hata moja.

Wizara ichapishe matokeo hayo kila mwaka, hospitali kwa hospitali. Dawa na kipimo vipatikane mkoani bila kukatika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tunayo; kitita chake kimfuate mgonjwa hata baada ya nyuzi kutolewa.