Bajeti ya Halmashauri Isomwe Kijijini

Kila Julai 1 mwaka mpya wa fedha unapoanza, madiwani wa Ngara na wa Biharamulo huwa wameshapitisha bajeti za halmashauri zao. Lakini mwananchi wa Rulenge au Nyakahura akiulizwa kijiji chake kimetengewa shilingi ngapi, mara nyingi hana jibu. Anachokijua ni mchango anaodaiwa yeye: mawe, mchanga, nguvukazi na fedha za kumalizia boma la darasa au zahanati.

Hali hii haikubaliki. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata taarifa inampa raia nafasi ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30. Kusomewa mapato na matumizi ni haki ya wananchi, wala si hisani ya mtendaji.

Majirani zetu wa Uganda walijifunza kwa gharama kubwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizostahili. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inazifikia shule. Mageuzi mengine yalichangia, lakini mzazi anayejua kilichotumwa ni vigumu kumdhulumu.

Tunataka kila kijiji kibandikiwe hesabu tatu: fedha zilizotengwa, zilizopokelewa na zilizotumika. Zibandikwe ofisi ya kijiji, shuleni na kwenye zahanati, kwa Kiswahili chepesi. Mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iwemo, pamoja na majina ya vikundi vilivyokopeshwa. Michango ya kampuni za madini kwa jamii iwemo pia, maana Ngara ina nikeli ya Kabanga na Biharamulo ina dhahabu. Radio Kwizera, inayosikika kutoka Ngara tangu 1995, inaweza kuzisoma hesabu hizo zikafika hata kwa asiyejua kusoma.

Wapo watakaosema bajeti ni nzito kwa mwanakijiji. Mkulima wa kahawa anayekagua makato ya chama chake cha msingi hashindwi na hesabu tatu. Akishindwa, kazi ya mtendaji ni kumweleza.

Wakurugenzi wa halmashauri hizi mbili hawahitaji sheria mpya. Watoe maagizo tu. Nanyi wananchi, hudhurini mkutano mkuu wa kijiji, ulizeni, na msikubali mwenyekiti afunge mkutano kabla mapato na matumizi hayajasomwa.