Mnaonunua sidiria kwa rangi, nisomeni
Asante mwandishi wa makala ya maumivu ya matiti, ila suala la sidiria umelipita mbio mno. Mimi nilihangaika karibu mwaka mzima: wiki moja kabla ya hedhi matiti yanajaa, yanauma, nikipanda bodaboda kila tuta nalisikia kifuani. Nikajitabiria saratani, usingizi ukaruka. Nesi mmoja wa zahanati akaniambia niweke alama kwenye kalenda kila siku yanapouma, kwa miezi 2. Kumbe yalikuwa yakifuata mzunguko, damu ikianza tu yanatulia. Hofu ikapungua nusu hapo hapo.

Kisha nesi akaniuliza navaa sidiria ya saizi gani. Sikujua! Nilikuwa nachagua za mitumba kwa rangi. Nilipopata inayoshika vizuri, na nyingine laini ya kulalia, tofauti niliiona mwezi uleule. Siku mbaya nameza parasetamoli au napaka jeli ya diklofenaki. Nilijaribu pia mafuta ya primrose (na bei yake!), kwangu hayakufanya kitu.

Dada zangu, maumivu peke yake mara chache sana huwa saratani. Lakini ukigusa uvimbe, chuchu ikitoa damu au kuingia ndani, ngozi ikibonyea, au maumivu yakang'ang'ania sehemu moja, achana na kalenda, nenda hospitali.