Mbwa wa Ulinzi: Ridgeback au Boerboel?

Tangu barabara ya Thika ilipopanuliwa na kukamilishwa mwaka 2012, Kahawa Wendani imezidi kujaa watu. Mahali pengi palipokuwa mashamba ya kahawa sasa pamesimama nyumba za mawe na majengo ya ghorofa. Mali inapoongezeka, hofu ya wezi nayo huongezeka. Kwa hiyo si ajabu kusikia mwenye nyumba akiulizia mbwa mkubwa wa ulinzi. Mbwa wa kienyeji na Alsatian hujulikana na kila mtu. Lakini yako majina mawili yanayosifiwa na watu ambao pengine hawajapata kuwaona mbwa wenyewe, nayo ni Ridgeback na Boerboel. Wote wawili wana asili ya kusini mwa Afrika, na wote walikuzwa kwa ajili ya kazi. Anayetaka kuchagua kati yao yampasa kwanza aijue kazi hiyo, maana tabia ya mbwa hutoka humo.

Ridgeback ana ukanda wa manyoya mgongoni ambao huelekea mbele, kinyume cha manyoya mengine yote. Alama hiyo aliirithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi, waliochanganyika na mbwa walioletwa kutoka Ulaya. Wawindaji, mmojawapo Cornelius van Rooyen, waliwatumia katika nchi iliyoitwa Rhodesia, ambayo tangu mwaka 1980 ni Zimbabwe. Na mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo wakaandika kanuni za umbo lake. Kazi yake haikuwa kumwua simba, bali kumfuata na kumsumbua asiondoke mpaka mwindaji afike na bunduki. Ndiyo maana hata leo ni mbwa wa mbio na pumzi nyingi, naye hupenda kujiamulia mambo. Dume huwa na kilo 36 hivi, na jike kilo 32. Kwa kawaida habweki ovyo.

Boerboel alilelewa na Makaburu katika mashamba ya Afrika Kusini yaliyokuwa mbali na majirani. Yeye hakuwa mbwa wa kukimbiza. Kazi yake ilikuwa kukaa na kulinda watu, boma na mifugo. Wafugaji wake waliunda chama mwaka 1983. Ni mbwa mwenye kichwa kipana na kifua kinene, naye huweza kuwa na kilo 50, 60, na madume makubwa zaidi ya hapo. Huwapenda sana watu wa nyumbani kwake, lakini mgeni humtilia shaka. Nguvu zake ni nyingi hata Denmark ilipiga marufuku ufugaji wake mwaka 2010.

Basi ni yupi afaaye? Jibu halimo katika ukali wa mbwa, bali katika kiwanja, katika mfuko na katika saa za mwenyewe. Mkulima wa Gatundu au wa Juja aliye na ekari kadhaa, ambaye hushinda shambani, aweza kumfuga Ridgeback vizuri, mradi ua wake uwe imara na mrefu, kwa sababu mbwa huyo huruka sana na akiona mnyama akikimbia humfuata. Lakini akifungiwa katika kiwanja kidogo bila kutembezwa kila siku, atachimba, atatafuna na kutoroka.

Boerboel hahitaji mbio nyingi kama mwenzake, kwa hiyo huonekana kana kwamba anafaa zaidi mjini. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Karani aondokaye Wendani alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku humwachia mbwa huyo mke wake, watoto na msichana wa kazi. Je, nani kati yao aweza kumshika mbwa mwenye uzito wa mtu mzima? Mtoto wa jirani akiingia kufuata mpira wake, nani atamwita mbwa akasikia? Kadhalika chakula chake ni kingi kuliko kile cha Ridgeback, na ugali mtupu hautoshi. Mbwa wa namna hii huhitaji nyama, omena au chakula kamili cha dukani. Mifupa iliyopikwa asipewe, maana huvunjika vipande vyenye ncha na kumtoboa matumbo.

Kwa hiyo, penye nafasi na mtu wa kumtembeza, Ridgeback ni chaguo jema. Penye ukuta imara, mapato ya kutosha na mtu mzima mwenye uzoefu ashindaye nyumbani, Boerboel aweza kufaa. Mpangaji wa chumba katika ghorofa asimnunue yeyote kati yao. Kufuli nzuri na taa ya nje vitamlinda kwa gharama ndogo zaidi.

Aliyekwisha kuamua asiharakishe kulipa. Yafaa amwone mama wa mtoto wa mbwa na kutazama tabia yake. Mtoto wa Ridgeback apapaswe shingoni na mgongoni, kwa kuwa wengine huzaliwa na kijitundu katika ngozi ambacho huingia ndani na kufanya usaha. Dawa yake ni kupasuliwa. Kwa Boerboel, aulize habari za nyonga za wazazi. Kisha mafunzo yaanze mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

La mwisho ni chanjo. Kichaa cha mbwa kiligunduliwa nchini Kenya mwaka 1912, katika mbwa aliyekuwa kando ya Nairobi, na hata sasa hakijakwisha. Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, naye apelekwe hospitali siku ile ile, maana dalili zikianza tiba haifai kitu.

Neno wendani katika Kikikuyu maana yake ni upendano. Mbwa afaaye mahali hapo ni yule ambaye mwizi humwogopa, lakini jirani hupita mlangoni kwake bila hofu.