Dereva apimwe tabia, tajiri atapimwa na nani?

KIJANA ana leseni ya magari makubwa. Ameanzia utingo, amelala chini ya tela, mpaka usukani akaujua. Anakwenda kuomba kazi ya lori la Tunduma. Badala ya kupewa funguo aonyeshe anavyorudisha tela nyuma, anapewa karatasi ya maswali: Je, hukasirika upesi? Unapenda kuwa peke yako? Umewahi kumdanganya mkubwa wako?

Hicho ndicho kinachoitwa kipimo cha haiba. Mtindo huu ulishika mizizi Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la huko lilitengenezewa maswali ya kuchuja askari ambao akili zao zisingehimili mizinga. Vita ikaisha, maswali ya namna hiyo yakahamia kwa waajiri. Mwaka 1988 sheria ya nchi hiyo ilipowakataza waajiri wengi wa kampuni binafsi kutumia mashine za kugundua uongo, biashara ya maswali ya karatasi ikapata nguvu zaidi. Leo yanajibiwa kwenye kompyuta na simu, na yanauzwa popote penye mwajiri mwenye pesa.

Tuelewane. Hatusemi dereva asipimwe. Mtu anayeendesha tanki la petroli katikati ya watu lazima apimwe. Apimwe macho. Apimwe ulevi. Apelekwe mlimani, usiku, akiwa na mzigo, tuone breki anazitumiaje. Tena wataalamu, katika uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 1991, walikuta kwamba mtu makini na mwenye bidii kwa kawaida hufanya kazi vizuri kuliko mzembe. Lakini tofauti waliyoikuta si kubwa kiasi cha kumhukumu mtu mmoja kwa karatasi moja.

Na karatasi yenyewe inadanganyika. Mwenye njaa hajibu ukweli, hujibu kinachompa ugali. Nani kati yetu ataandika kwamba yeye ni mgomvi, wakati nyumbani mtoto hana ada? Atakayepita ni mjanja wa kubashiri jibu. Atakayebaki getini ni yule mkweli.

Lakini ubaya mkubwa uko kwingine. Kipimo hiki kinachungulia kichwani mwa dereva, huku kikiifumbia macho ratiba ya tajiri.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Dereva anayelipwa kwa safari, asiye na mkataba, anayepigiwa simu kila saa aulizwe amefika wapi, huyo atakesha. Akishuka Kitonga na shehena ya shaba ya Zambia, usingizi hauulizi kama alipata alama nzuri za upole. Breki mbovu nazo haziulizi. Ajali ikitokea, faili linafunguliwa: dereva alikuwa na haiba mbaya. Tajiri ananawa mikono, anaajiri deiwaka mwingine.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki, na hata ukiongeza ovataimu, siku moja isizidi saa 12. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Pamoja na hayo, Aprili na Mei 2015 madereva waligoma nchini, abiria wakakwama Ubungo, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa mikataba ya ajira. Miaka 11 baada ya sheria kutungwa, watu walikuwa bado wanagoma kudai kilichokwisha kuandikwa! Hapo tatizo ni haiba ya nani?

Wakubwa wanapenda kuiga vya nje. Basi waige na hili. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kampuni moja ilivunja sheria kwa kuwapima wafanyakazi waliotaka kupanda cheo kwa maswali ya kutafuta ugonjwa wa akili. Hapa jirani, Afrika Kusini, Sheria ya Usawa Kazini ya mwaka 1998 inakataza kumpima mfanyakazi kisaikolojia isipokuwa kipimo kimethibitishwa kisayansi, kinaweza kutumika kwa haki kwa wote, na hakimbagui mtu wala kundi lolote.

Tunataka kifungu kama hicho kiandikwe katika sheria yetu, tena kwa Kiswahili ambacho utingo anakielewa. Na tunataka wakaguzi wa kazi waingie kwenye yadi za malori wakague mikataba na saa za kazi kabla mtu yeyote hajakagua hasira za dereva.

Nawe kijana, ukipewa karatasi hiyo, usiione aibu kuuliza: majibu yangu yatasomwa na nani, yatahifadhiwa wapi, na mkataba wangu uko wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa ajili gani.

Tajiri akikasirika kwa kuulizwa hivyo, basi naye apewe karatasi ajaze.